Kaka Yangu Nyuma ya Pazia

Julai 3, Jumatano

Leo wameweka gogo uani. Mama amewaita wanawake wa kikundi chake, na tangu asubuhi ni tu-tu, tu-tu, nyundo za mti juu ya magome yaliyolowekwa, mpaka wanafunzi wangu wa darasa la pili, shuleni ng'ambo ya barabara, wakawa wanasoma kwa mdundo huo bila kujijua. Ngatu ya mwaka huu itakuwa na vipande hamsini. Nguo ya magome ya urefu huo haitandikwi kwa jambo dogo. Nikamwuliza mama ni ya nini.

"Ya harusi yako."

"Naolewa na nani?"

"Hilo shauri lako. Mimi shauri langu ni ngatu."

Wanawake wakacheka hadi wakaacha kugonga. Nina miaka thelathini na miwili, na hapa kisiwani 'Eua mwanamke wa umri huo asiye na mume ni mali ya kijiji kizima. Kila mtu ana la kusema juu yake.

Julai 4

Ukungu mlimani. Nimesahihisha madaftari.

Julai 9, Jumanne

Kalolaine amekuja kugonga baada ya kazi. Ni nesi wa zahanati yetu, alihamishiwa huku kutoka kisiwa kikubwa miaka miwili iliyopita, akaja na sanduku moja na gitaa asilojua kulipiga. Kwenye gogo watu hukaa wawili wawili, uso kwa uso, huyu akiinua nyundo mwenzake anashusha. Leo mama alitupanga pamoja, kwa bahati tu. Tuligonga saa nzima bila kusema neno. Sikuwa nimelala na sikuwa macho sawasawa. Gome lilikuwa linapanuka kati yetu, jeupe, na mimi nilikuwa naona mikono yake tu.

Nampenda. Yeye ananipenda. Yapata mwaka na nusu sasa. Ni mara ya kwanza naandika hili, na nimeinuka kwenda kufunga dirisha.

Julai 20, Jumamosi

Nyangumi wamefika. Tuliwaona mchana kutoka kwenye jabali, mimi na Kalolaine, nyangumi mama na mtoto wake wakipita taratibu chini yetu. Ukikaa kimya unasikia wanavyopumua. Tulilala kwenye nyasi, upepo ukawa unatuletea pumzi zile na sauti za nyundo kutoka kijijini, moja juu ya nyingine, nikapitiwa na usingizi. Niliota nimeulizwa jina langu na watu wote wa kanisani, nami nikalitaja, wakasema asante, wakaendelea na wimbo. Basi. Hiyo ndiyo ndoto yote. Niliamka nikilia, Kalolaine akadhani nimeng'atwa na mdudu.

Agosti 2, Ijumaa

Kaka yangu Uata amerudi. Alikuwa Australia miezi saba akichuma matunda. Amerudi kwa ajili ya mtoto wake: Toakase anatimiza mwaka mmoja Oktoba 12. Jina hilo nilimpa mimi, maana mimi ndiye shangazi, na hapa kwetu shangazi ndiye mkubwa kuliko wote. Siku hiyo nitakaa kwenye kiti cha juu kabisa, mbele ya watu mia mbili, mtoto magotini, na kwa siku nzima hakuna mtu atakayeruhusiwa kuninyima kitu nikitakacho. Nimeingoja siku hiyo kuliko harusi yoyote. Sitazaa, najua. Toakase ndiye atakayekuwa wa kwangu.

Uata aliniona sebuleni, akainamisha kichwa, akasema, "Hujambo, dada," akatoka nje. Si ugomvi, ni heshima. Alipofika miaka kumi na miwili baba alimjengea kibanda chake uani, kama wavulana wote, na tangu hapo hatujakaa chumba kimoja wala kutazama filamu moja wala kutaniana. Dada ni mkubwa kwa kaka, hata kama kaka anamzidi umri. Mambo ya mapenzi hayatajwi kabisa wakiwapo wote wawili. Mjomba wetu aliwahi kukitupa kiatu kwenye televisheni kwa sababu ya busu moja.

Mambo yake nayapata kwa mkewe, wifi yangu Seluvaia. "Kaka yako amekonda," anasema, "ila miguu imenenepa. Sijui walikuwa wanamlisha kwa miguu."

Agosti 15

Mvua. Kipande cha ishirini na mbili.

Agosti 19, Jumatatu

Mgane mmoja wa kwaya ya kanisa, anayetaka kunioa, amemletea mama nguruwe mdogo. Mama amempokea. Nguruwe anapiga kelele uani na kila mwanamke anayeingia ananikonyeza. Kalolaine alipomwona akasema, "Mzuri. Ana macho kama ya mwenyewe." Nilicheka. Baadaye aliniambia kwa upole kwamba yeye hawezi kukaa hapo uani agonge ngatu ya harusi yangu na mtu mwingine. Alisema hatarudi kwenye gogo mpaka nimsemeshe mama. Ana haki. Nimekuwa nikiishi kama mtu anayesubiri ndoto imalizike ili aamke.

Agosti 31

Kesho baada ya kanisa. Kesho.

Septemba 1, Jumapili

Nitaandika yote nisije nikayageuza baadaye.

Jumapili hapa hakuna nyundo. Kimya kinakuwa kizito hata nguruwe wanakitambua. Tulitoka kanisani, baba akafukua tanuri la shimo, tukala kuku na majani ya magimbi yenye nyama ya kopo na tui, mpaka macho yakawa yanafumba. Seluvaia akalala na mtoto. Uata nilimwona kwa macho yangu akielekea kibandani kwake. Nikabaki mezani na baba na mama.

Mama akaanza, "Basi yule bwana anauliza, Novemba ni mbali?"

"Mama, sitaki mume."

"Humtaki huyu, au?"

"Sitaki yeyote. Si kwamba sijapata. Nimeshapata. Nampenda Kalolaine, mama. Nampenda kama wewe unavyompenda baba. Na yeye ananipenda."

Nilidhani dari itaanguka. Haikuanguka. Baba alikuwa na mfupa wa kuku mkononi, akauweka kwenye sahani polepole sana. Mama akasema, "Kalolaine nesi?" kama kwamba wako wengine.

Hapo ndipo pazia la chumba cha nyuma lilipotikisika. Uata alikuwa amerudi kwa mlango wa jikoni kuchukua shati lake. Alisimama mlangoni na shati mkononi, uso umemwiva hadi masikioni, akatutazama kila mtu isipokuwa mimi, akatoka nje mbio. Tukasikia geti.

Sasa baba akasimama. Baba yangu Semisi ni mhubiri, ana sauti ya kujaza kanisa bila kipaza sauti, lakini hii nilikuwa sijawahi kuisikia.

"Mbele ya kaka yako!"

"Sikujua yupo, baba."

"Mbele ya kaka yako! Umetaja mapenzi mbele ya kaka yako!"

"Baba, nimesema nampenda—"

"Usirudie! Umemvunjia heshima kaka yako ndani ya nyumba yangu!"

Akaendelea hivyo. Kaka yako, kaka yako. Nikaelewa, nikiwa nimekaa pale na mikono yenye mafuta, kwamba amepata kosa analolijua, na amelishika kwa mikono miwili ili asiliguse lile asilolijua. Mama alikuwa anafuta meza mahali palipokuwa safi.

Septemba 2, Jumatatu

Uata amehamia kwa binamu, ng'ambo ya kijiji. Seluvaia na mtoto wamebaki. Wifi aliniletea chai, akaketi kitandani.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Hasemi. Amechimba shimo la taka. Halafu amechimba jingine."

Septemba 3

Wanawake hawakuja kugonga.

Septemba 4

Hawakuja.

Septemba 6, Ijumaa

Habari imefika kila mahali. Watu wanaleta chakula, wanakiweka barazani, hawakai. Shuleni mwalimu mkuu aliniambia, "Pole kwa msiba," kisha akashtuka mwenyewe. Wanaume wetu wanaojipodoa na kutembea kwa madaha, kijiji kinawacheka na kuwapenda. Wao ndio wanaopamba kanisa na kuongoza ngoma. Wana jina na mahali pa kukaa. Mwanamke kama mimi hana jina. Leo dukani watu walinyamaza nilipoingia, nadhani kwa sababu hiyo. Hawakujua waseme nini.

Mgane amemchukua nguruwe wake.

Septemba 9, Jumatatu

Baba amezungumza, akiwa amesimama mlangoni, amegeukia nje. Nitamwomba kaka yangu msamaha kwa desturi, na katika maneno ya kuomba nitaapa pia kuachana na yule nesi. Nisipofanya hivyo, Oktoba 12 atakayekaa juu ni Pisila, binti wa ndugu yake. Kwa desturi naye ni dada wa Uata, anaweza.

"Baba, Toakase nilimpa jina mimi."

"Jina litabaki," akasema.

Nilikwenda jabalini nikalala chini kifudifudi. Sikusikia nyangumi hata mmoja.

Septemba 11, Jumatano

Mama alikuwa anagonga peke yake tangu juzi. Tu. Tu. Tu. Mlio wa mtu mmoja una mapengo, unausubiri mwingine hauji. Leo saa kumi nilikuwa dirishani nikamwona Kalolaine akiingia getini na sare yake ya kazi, bila kualikwa. Nilitaka kutoka nimzuie, nikabaki nimeshika ukingo wa dirisha. Akakaa chini upande wa pili wa gogo, akachukua nyundo. Mama hakuinua kichwa. Kalolaine akashusha nyundo yake kwenye lile pengo.

Waligonga muda mrefu. Jua lilikuwa laini, vumbi la magome linaelea, na mimi nilikuwa nimeegemea dirisha nahisi kama nawatazama kutoka chini ya maji. Hatimaye mama akasema, "Unagonga vibaya."

"Nifundishe, mama."

"Mimi si mama yako."

"Ndiyo, mama."

Mama akatoa sauti ambayo ingeweza kuwa kikohozi. Kisha akamsogezea gome jingine.

Septemba 12

Amekuja tena.

Septemba 13

Tena. Kipande cha thelathini na moja. Wawili hawatoshi kuunganisha, Seluvaia akaja kupaka gundi ya muhogo, mtoto mgongoni. Mimi sijaitwa, nimekaa mlangoni.

Septemba 21, Jumamosi

Shangazi Fusipala amefika kwa feri, ametapika njia nzima, ana hasira na bahari. Ni dada mkubwa wa baba. Baba, anayetetemesha kanisa, akimwona dada yake anakuwa mpole kama mtoto wa darasa la pili. Alimbebea mizigo, akamtandikia mkeka mzuri, akakaa mbali karibu na mlango.

Akaniita peke yangu jikoni. Nimekuwa nikimwogopa bibi huyu maisha yangu yote. Alikuwa anakula kiazi kikuu cha baridi.

"Ni kweli ulitaja mambo ya mapenzi mbele ya Uata?"

"Ndiyo, shangazi. Sikujua yupo."

"Kujua au kutojua, alisikia. Hilo ni kosa. Utamwomba msamaha."

"Nitamwomba."

"Kwa desturi. Na mkeka mchakavu na majani shingoni. Si kwa simu."

"Ndiyo, shangazi."

Akatafuna. Nikangoja.

"Na lile jingine, shangazi? Baba anataka niape."

"Jingine lipi? Semisi kaniandikia kwamba umemkosea kaka yako. Nimekuja kwa hilo. Jingine sijaulizwa, na feri ile siipandi mara mbili kwa mwezi mmoja." Akanyoosha kidole kwenye chungu. "Huyo nesi ndiye anayeshinda uani na mama yako?"

"Ndiye."

"Mikono yake mikubwa. Lete chumvi."

Sijui kama anatukubali. Nadhani hapana. Sijawahi kumpenda mtu mzima kama nilivyompenda wakati ule nikitafuta chumvi.

Septemba 23, Jumatatu

Nimefanya. Asubuhi nilijifunga mkeka mkubwa uliochanika, wa kutoka kwa bibi, nikavaa shada la majani ya mti wa ifi, nikatembea kijiji kizima bila viatu hadi kwa binamu. Watu walitoka barazani kutazama. Nikakaa chini mbele ya nyumba, kichwa chini. Baba alisimama njiani nyuma yangu ili asikie. Mvua nyepesi ikaanza.

Nikasema, "Kaka yangu, nimekuvunjia heshima. Nilitamka masikioni mwako yasiyopaswa kufika masikioni mwako. Naomba unisamehe." Nikanyamaza.

"Endelea," akasema baba.

Sikuendelea.

"Vaimoana. Endelea."

Mvua ilikuwa inanidondokea kutoka kwenye majani hadi mapajani, nikawa naitazama, tone baada ya tone, na kila tone nilikuwa nafikiri sasa nitasema, na sikusema. Niliogopa sana. Kaka anaweza asitoke. Kuna watu wamekaa hivyo hadi magharibi.

Mlango ukafunguka. Nikaona miguu ya Uata, kweli imenenepa. Akainama, akalitoa lile shada shingoni mwangu. Mkono wake haujanigusa tangu nina miaka kumi.

"Inatosha, dada," akasema. "Umelowa. Nenda nyumbani."

"Hajamaliza!" baba akasema.

"Baba, mimi ndiye niliyekosewa. Nimesema inatosha."

Akarudi ndani. Baba akaondoka zake kwa njia ya makaburini, ndefu, asipite karibu yangu. Lakini hakuna aliyesema Pisila atakaa wapi.

Septemba 30

Uata amerudi kibandani kwake. Uani wanagonga wanne sasa. Baba hajanisemesha.

Oktoba 8

Kipande cha thelathini na nne. Ngatu sasa ni ya sherehe ya Toakase, na muda umeisha. Mama anasema hamsini ilikuwa tamaa.

Oktoba 11, Ijumaa

Nyangumi wanaondoka. Pisila amekuja kusuka nywele, ameshona nguo mpya, hanitazami machoni. Maskini, naye hakuomba. Seluvaia nimemwuliza kesho ninakaa wapi. "Mume wangu haniambii," akasema, "ananiambia tu niweke viti vingi."

Oktoba 12, Jumamosi

Hema lilijaa kabla ya saa nne. Nguruwe kumi na watatu wameokwa, meza zimeinama. Mama na wenzake waliingia na ngatu mabegani, wakaikunjua mbele ya kiti cha juu, ya kahawia na nyeusi, bado inanuka moshi na muhogo. Nilisimama nyuma pamoja na wapishi. Pisila alisimama karibu na mbele. Baba alishika karatasi ya hotuba.

Ikafika wakati wa kumwita shangazi wa mtoto. Baba akafungua mdomo. Uata akampita, mtoto mkononi, akatembea katikati ya watu wote. Hakunitazama, desturi hairuhusu kaka kumkodolea dada yake macho. Alisimama mbele yangu, akatazama chini, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Dada wa baba yake Toakase aje akae mahali pake."

Akaniwekea mtoto mikononi. Nilitembea juu ya ngatu bila viatu, nikaisikia jinsi ilivyo laini, na mambo yote yakawa mbali na yenye mwanga, kama ninapokuwa jabalini. Nikakaa. Mgane akainuka akaondoka, mke wa mwenye duka naye, na nyuma yao watu kama kumi hivi. Nikawasikia wakienda. Wengine walibaki.

Halafu nikakumbuka kwamba leo hakuna wa kuninyima kitu.

Sikuwa nimepanga, naapa. Nilimwona Kalolaine kule nyuma amebeba sinia la magimbi, anatokwa na jasho, nikasema, "Naomba Kalolaine aje akae hapa na mimi."

Vichwa vyote vikageuka. Hata Toakase aliacha kunivuta hereni. Kalolaine alitikisa kichwa, ananisihi kwa macho niache. Nikarudia. Mama akamnyang'anya sinia, akamsukuma mgongoni. "Nenda, wee, umeitwa." Akaja, akakaa kando yangu kwenye ngatu, ameinamisha kichwa, bega lake likinigusa.

Kutoka kwenye kiti chake shangazi Fusipala akasema bila kugeuka, "Semisi. Mgeni hana sahani."

Baba alisimama pale na karatasi yake. Kisha, kwa kuwa dada yake amesema, akaenda mezani mwenyewe, akachukua sahani, akaja nayo. Akaiweka mbele ya Kalolaine bila kututazama, akageuka kurudi mahali pake. Desturi imetimia, nikajisemea, usitake zaidi, Vaimoana.

Alifika nusu ya njia, akasimama. Alikaa hivyo, mgongo umetugeukia, watu wote wakimtazama. Kisha akapinda kwenda kwenye lundo la madafu, akachagua, akaweka moja, akachukua jingine, akalikata kwa panga mara tatu. Akarudi nalo kwa mikono miwili, asimwage.

"Kunywa, binti," akamwambia. "Jua kali."

Dafu hilo hakuagizwa na mtu.